Nani alitufungia mlango?

Ndugu zangu, juzi nilikuwa Kondoa kikazi, na picha nilizozihitaji zilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi yetu hapa Dodoma. Kompyuta inawaka, intaneti ipo, lakini nikipiga hodi kutoka nje, kimya! Habari ikatoka bila picha. Niliporudi nikaanza kuchimba: nani alitufungia mlango?

Jibu liko kwenye historia. Intaneti tuliyoizoea ina anwani za biti 32, yaani kama bilioni 4.3 tu. Mwaka 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis wakatoa waraka wa RFC 1631: kompyuta nyingi zikae nyuma ya anwani moja. Mwaka 1996 RFC 1918 ikathibitisha anwani za ndani, zikiwemo hizi za 192.168 zilizojaa maofisini. Ilikuwa dawa ya muda. Mpaka leo tunaimeza.

Fikiria tembe la Kigogo: vyumba vimezunguka ua, mlango wa nje mmoja. Wa ndani anatoka apendavyo. Mgeni lazima apate mwenyeji wa kumpeleka chumba husika. Kwenye seva ya Linux inayolinda mlango huo, mwenyeji ni iptables, iliyokuja na Linux 2.4 Januari 2001. Nftables ilianza kuchukua nafasi yake mwaka 2014, lakini amri hizi bado zinatumika sana:

sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
iptables -t nat -A PREROUTING -i eth0 -p tcp --dport 8022 -j DNAT --to-destination 192.168.1.10:22
iptables -A FORWARD -p tcp -d 192.168.1.10 --dport 22 -j ACCEPT

Wa kwanza unairuhusu seva kupitisha mizigo ya wengine. Wa pili unasema: anayegonga poti 8022 apelekwe kompyuta namba 10, poti 22. Wa tatu unampa ruhusa ya kupita. Huo wa tatu niliusahau, nikapoteza saa nzima! Na wezi nao hupiga hodi, kwa hiyo usitegemee nywila peke yake.

Ofisini ikakubali. Nyumbani, kwa modemu ya simu, ikagoma kabisa. Kwa nini? Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009. Februari 2011 ghala kuu la anwani za dunia likaisha. Barabara ilitufikia viwanja vikikaribia kwisha. Aprili 2012, RFC 6598 ikayapa makampuni anwani za kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hilo ni tembe ndani ya tembe, na ufunguo wa mlango wa nje si wako.

Ndiyo maana tunasoma vya wengine kirahisi, lakini vyetu tunavipangishia seva za ughaibuni ili vifikike. Tiba ya kudumu ni IPv6, yenye anwani za kumtosha kila mtu.

Basi, kabla hujakesha na iptables, tazama kwanza anwani uliyopewa na kampuni yako. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kalale. Mlango huo haufunguki kutoka kwako.