Biti 1953 kwa Sekunde

Mjomba alinipigia simu Jumapili jioni. "Kuja na hiyo kompyuta yako," akasema. "Gari imeanza kukata tena."

Kwa Mjomba, gari ni moja tu duniani: Subaru Impreza ya 1994, turbo, iliyotoka Japani ikiwa mtumba, ikapita mikononi mwa vijana kadhaa wa Nakuru, na mwishowe ikafika Chepseon ikiwa na milango ya rangi mbili. Huikimbiza kwenye autokrosi, mwezi ule petroli inapopatikana. Kwenye lami ya Kericho inaenda vizuri. Ukiiteremsha kwenye changarawe katikati ya mashamba ya chai, turbo ikianza kupuliza, injini inakata. Nusu sekunde hivi, halafu inarudi kama hakuna kitu.

Alikuwa amebadilisha plagi. Akabadilisha pampu ya petroli. Fundi mmoja akamwambia ni turbo, anunue nyingine. Na bonasi ya chai ilikuwa imeingia wiki ileile.

Nilimkuta Shangazi jikoni. "Wewe si ulisoma hivi vitu?"

"Kidogo, Shangazi." Niliacha uhandisi wa umeme mwaka wa pili, karo iliposhinda kila mtu. Semesta ya kwanza ililipwa na bonasi ya shamba hilihili.

"Basi soma hiyo gari hata kama ni kidogo, kabla hajanunua hiyo turbo. Hizo pesa ni za shule ya watoto."

Huku watu hawashangai mtu kupenda gari la mbio kuliko ng'ombe. Joginder Singh alizaliwa Kericho, mwaka wa 1932. Alishinda Safari Rally mara tatu: 1965 kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Ile Volvo ilikuwa na kabureta. Hakuna kitu ndani yake kilichofikiria. Kinasa data kilikuwa ndugu yake Jaswant, aliyekaa kiti cha pili akiwa na ramani na saa, pamoja na sikio na makalio ya Joginder mwenyewe. Mwaka wa 1963 mvua ilinyesha hadi yakamaliza magari saba tu, na 1968 tena saba. Jina la Joginder limo katika orodha zote mbili. Alichokisikia kwenye injini usiku ule, hadi akaamua kulegeza mguu pale wenzake walipokanyaga, hakikuandikwa popote. Tunajua matokeo. Sababu alienda nazo.

Kufikia miaka ya tisini mambo yalikuwa tofauti. Timu za kiwanda zilikuja na helikopta juu na kompyuta chini. Lakini Impreza haikuwa ya wageni peke yao: 1994, mwaka ambao Ian Duncan alishinda kwa Toyota Celica, Patrick Njiru alimaliza wa nne kwa Impreza iliyokuwa karibu sawa na ile ya dukani. Nadhani matokeo yale ya nne yaliuza Subaru nyingi hapa Kenya kuliko ushindi wowote wa Colin McRae. Baada ya 2002 Safari ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia, ikarudi 2021. Katikati hapo mchezo haukufa. Ulihamia kwenye gereji za mabati kama ya Mjomba, kwa magari yaliyozeeka na kompyuta zake ndani.

Hiyo kompyuta ndiyo nilikuja kuongea nayo. Ukinunua waya wa bei ya chini pale Luthuli Avenue, ule wa kuchomeka chini ya usukani ukaona mambo ya injini kwenye simu, hautakusaidia hapa. Plagi ile ya kawaida ililazimishwa Marekani kuanzia modeli za 1996. Impreza ya Mjomba ilijengwa kwa soko la Japani kabla ya hapo. Ina plagi yake ya manjano, matundu tisa, imejificha chini ya dashibodi. Na ina lugha yake: biti 1953 kwa sekunde.

Kompyuta zetu zimezoea 1200, 2400, 4800, 9600. Inabidi upate waya wenye chipu inayokubali kuambiwa namba yoyote, na uhakikishe unaongea kwa volti tano, la sivyo unachoma kitu ambacho hakiuzwi tena. Ndiyo, 1953 pia ndio mwaka Safari ilipoanza, ikiitwa Coronation Safari, kumsherehekea Elizabeth alipotawazwa. Ni sadfa tu. Lakini nilipomwambia Mjomba alinyamaza kama mtu aliyeambiwa siri ya familia.

Ukiiuliza kompyuta hii swali, unatuma baiti nne: nipe kilicho kwenye anwani fulani. Inakujibu kwa baiti tatu, anwani na thamani. Halafu inajibu tena. Na tena, jibu lilelile la swali lilelile, mpaka umuulize lingine. Kwa hesabu, majibu kama 59 kwa sekunde ukibaki na swali moja. Ukitaka kujua joto, hewa na mizunguko kwa pamoja, itabidi urukeruke, na kila kimoja unakipata mara chache tu. Kwa hivyo lazima uchague cha kuuliza.

Kwanza tulijaribu njia ya zamani. Unaunganisha plagi mbili nyeusi, unafungua swichi, unahesabu taa ya injini: mweko mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Hakukuwa na kosa lililohifadhiwa.

"Uliza turbo," Mjomba akasema.

"Inakata wapi hasa?"

"Kwa mashimo."

Turbo haijui shimo. Nikachagua kuuliza sensa inayopima hewa inayoingia, swali moja tu, na tukatoka. Mjomba akiendesha, mimi nimekumbatia laptopu kama mtoto, waya umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Tulipita wachuma chai wakiwa wanarudi na vikapu, wakatucheka. Kilomita mbili kwenda, mbili kurudi.

Kwenye mchoro ilionekana hata kabla ya kuzima injini. Volti inapanda vizuri na mguu, halafu inaanguka ghafla na kurudi, palepale penye mitaro mitatu karibu na bwawa. Tulipogeuka, mitaro ileile, maanguko matatu. Hewa haikupungua, sensa ndiyo iliyonyamaza. Na ikinyamaza, kompyuta hudhani hewa ni kidogo, inapunguza petroli wakati turbo inasukuma kwa nguvu. Kwa bahati ilikuwa inakata tu. Petroli ikiwa haba namna hiyo kwa muda mrefu, pistoni hutoboka.

Tulifungua sensa mezani. Chini ya kifuniko, kwenye mguu mmoja wa lehemu, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, duara kamili. Mjomba hakuuona mpaka alipovaa miwani ya Shangazi. Nililehemu upya kwa dakika kumi. Gharama: moto wa umeme na chai vikombe viwili.

Tulirudi kwenye mitaro ile mara nne. Mchoro ukapanda na kushuka na mguu wake tu.

Sikumwambia kwamba sikio lake lilikosea, maana halikukosea. Alisikia mahali. Alikosea jina. Fundi aliyetaja turbo hakuwa amefika kwenye mashimo.

Jioni alifungua nati ya betri, desturi yake gari likilala. Nikamwambia kompyuta itasahau kila kitu ilichojifunza leo. Akasita, nati mkononi.

"Na hiyo yako?"

"Hii imehifadhiwa."

"Iandike jina."

Nikauliza jina gani. Alifikiri, mvua ikianza kugonga mabati. Akasema niandike tarehe, mitaro karibu na bwawa, na nani alikuwa anaendesha. Kisha akaingia ndani kumrudishia Shangazi miwani, na kumwambia kuhusu zile pesa.