Kuiga na Kuona: Somo la Kwanza la Mchoraji katika Pwani ya Lindi

Katika kuta zilizosalia za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, juu ya lipu ya chokaa, pana majahazi. Hayakuagizwa na sultani, wala hayamo katika hesabu ya mwashi aliyejenga ukuta. Yamekwaruzwa kwa ncha ya kitu kikali na mkono wa mtu ambaye, pengine, alikuwa akingoja jambo jingine: chakula kiive, mvua ipite, mgeni ateremke pwani. Mlingoti umesimama, kamba zimevutwa, na omo limeinuka juu ya maji yasiyochorwa. Peter na Margaret Garlake waliikusanya michoro ya namna hii kutoka magofu mbalimbali ya pwani yetu na kuichapisha mwaka 1964, na tangu hapo wataalamu wa vyombo vya bahari wameitumia kujifunza umbo la jahazi za kale. Mimi si mtaalamu wa vyombo. Kinachonishughulisha ni swali la kitoto: mtu yule alifundishwa na nani kuchora?

Nina sababu ya kuuliza. Nilizaliwa Rasbura, katika mji wa Lindi, na nilipokuwa darasa la tatu nilicharazwa viboko vinne kwa kuchora jahazi pembezoni mwa daftari la hesabu. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Daftari lilikuwa adimu na karatasi ilikuwa mali. Lakini tangu siku ile sikushika tena penseli kwa kuchora. Nikageukia maneno, ambayo hayali karatasi mpaka yamekwisha kupangwa kichwani. Kwa hiyo, msomaji wangu, ukiona insha hii ina uchungu kidogo mahali fulani, ujue unatoka wapi.

Tuanze na Kilwa yenyewe, maana huko ndiko kulikokuwa na chuo kisichokuwa na jina. Msikiti Mkuu ulianzwa karne ya 11 na kupanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331. Husuni Kubwa, kasri lililo juu ya jabali, linanasibishwa naye. Ukitazama mapambo yake na ya majengo ya zama zile utaona misuko, mafundo na mistari inayorudiana bila kuchoka, yote imechongwa katika tumbawe. Na tumbawe lina tabia ambayo kila fundi alipaswa kuijua kwanza: likitoka baharini ni laini, lakatika kwa kisu, likikauka lawa gumu kama jiwe. Basi mwanagenzi hakuwa na siku nyingi za kujikosoa. Alipaswa kuwa na umbo mkononi kabla ya jiwe kukauka. Hakuna njia ya kuupata wepesi huo isipokuwa kurudia umbo lile lile mara mia, akiiga mkono wa fundi wake, mpaka mkono ukumbuke pale akili inaposahau.

Wapenzi wa ushairi watanielewa haraka hapa. Hakuna malenga aliyeanza kwa kubuni bahari yake. Kila mmoja alianza kwa kughani za wengine, akihesabu mizani kwa vidole, akitafuta kina cha kati kama anayetafuta sindano gizani. Na watu wa Kilwa hawakuvitenga vitu hivi viwili. Katika sarafu zao ndogo za shaba, jina la sultani huwa upande mmoja na sifa ya Mwenyezi Mungu upande wa pili, na maneno ya pande hizo mbili hufuata kina kimoja. Hebu fikiri: mtu anayenunua samaki analipa kwa ubeti! Aliyechonga muhuri wa sarafu ile alikuwa mchoraji na mshairi kwa pigo moja la nyundo.

Karne zikapita, nami nazipita upesi, kwa kuwa sitaki kusema nisiyoyajua. Nasimama mwaka 1906. Mwaka huo Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, aliteremka Lindi wakati vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, vilikuwa bado havijaisha katika baadhi ya nchi za Kusini. Akapanda bara hadi Masasi na Newala na uwanda wa Wamakonde, akinunua vinyago, akipiga picha, akinasa nyimbo katika mashine. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na mwaka uliofuata Alice Werner, yule bibi aliyeijua lugha yetu vizuri, akakitafsiri kwa Kiingereza. Kina kiburi cha zama zake, tena kingi. Lakini Weule alifanya jambo moja ambalo watawala wengi hawakulifikiria: aliwapa wapagazi wake na wenyeji penseli na karatasi, akawaambia wachore. Miongoni mwao alikuwamo mnyapara wake aliyeitwa Pesa Mbili. Wakachora wanyama, watu na ngoma, na michoro yao imo kitabuni.

Nimeitazama michoro ile mara nyingi kuliko nilivyoyasoma maelezo yake. Weule aliitaka iwe ushahidi wa namna akili ya Mwafrika inavyofanya kazi, na hilo ndilo kosa lake. Mimi naona watu wazima waliopewa chombo kigeni, wengine kwa mara ya kwanza, ambao hawakukaa wakishangaa: walikwenda moja kwa moja kwenye jambo wanalolijua. Mcheza ngoma amechorwa na mtu anayejua uzito unakaa mguu gani. Kama lilikuwapo darasa la kwanza la kuchora kwa penseli katika nchi ya Lindi, basi lilikuwa hilo, kando ya mizigo, na mwalimu wake hakujua kwamba anafundisha. Kisha karatasi zikafungwa, zikapelekwa Ujerumani, na wachoraji wakarudia kubeba mizigo.

Mwaka huo huo wa 1906, Wabenediktini walianzisha misheni ya Ndanda, ambayo karakana zake zilikuja kujulikana Kusini kote. Huko kijana aliweza kujifunza ufundi kwa miaka na kutoka akiwa seremala hasa. Lakini karakana na darasa la sanaa ni vitu viwili. Karakana humfundisha mtu kuchora mstari ili akate mbao. Haimwulizi mstari wenyewe unapendeza vipi.

Swali hilo liliulizwa mbali na kwetu. Mwaka 1937, Kampala, Margaret Trowell, mke wa daktari, alianza kuwafundisha watu wachache barazani kwake. Darasa hilo likahamia Makerere na kuwa shule ya sanaa inayobeba jina lake mpaka leo. Njia yake ilikuwa ya ajabu kidogo: hakuwawekea wanafunzi chungu mezani wakinakili. Aliwasimulia jambo, soko, mavuno, hadithi ya Biblia, kisha akawaacha walione kwa macho ya ndani na kulichora. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Sam Ntiro wa Machame, aliyechora vijiji na watu wakifanya kazi kwa pamoja, akaendelea na masomo Slade huko London, akafundisha Makerere, na baada ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Mwingine aliyesoma Makerere ni Elimo Njau wa Marangu, aliyechora kuta za kanisa la ukumbusho huko Murang'a na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi. Njau alikuwa mkali juu ya jambo moja: hakutaka mtu anakili. Kwake, kunakili ni kumlaza usingizi Muumba aliye ndani ya mtu.

Namheshimu Njau, ila hapa nasita. Maana katika miaka hiyo hiyo palikuwa na mtu wa Kusini aliyethibitisha kinyume chake. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, akaenda kukata mkonge Tanga, akafika Dar es Salaam, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kupaka rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba. Hakuingia darasa la sanaa hata siku moja. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi, waliomdhania mtu mwingine, akafa. Muda wake wa kuchora haukufika hata miaka mitano kamili! Lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha ndugu na jamaa wachache, nao walijifunza kwa njia ile ya zamani: mwanagenzi anapaka rangi ya nyuma, kisha anajaza maumbo, kisha anapiga nukta, na siku moja anaachiwa mstari wenyewe. Wote waliiga. Mwaka 1990 warithi wao wakaunda chama cha ushirika, na leo jina la marehemu ni jina la mtindo mzima. Najua malalamiko ya wajuzi: chui yule yule, mbuyu ule ule, kwa ajili ya watalii. Yana ukweli. Lakini hata tenzi mbovu ni nyingi, wala hatusemi kwa ajili hiyo kwamba vina vife.

Na Wamakonde je? Walivuka Ruvuma kwa maelfu kutoka Msumbiji, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Mtwara, wakachonga jioni. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alizoea kusema kwamba mpingo haufundishwi, unarithiwa. Sikubali. Mtoto aliyekaa miaka chini ya mwembe akipokea tezo na kupisha vumbi amefundishwa, ila ada yake haikuandikwa popote. George Lilanga, mzaliwa wa Kusini wa mwaka 1934, alilelewa katika kuchonga huko. Alipofika Dar es Salaam alipata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa Maryknoll. Humo mlinzi akaona wengine wakichora, akashika kalamu na rangi. Alipofariki mwaka 2005, mashetani yake ya kuchekesha, yenye masikio makubwa na vidole vichache, yalikuwa yamekwisha kuzunguka dunia.

Hapo ndipo lilipo jambo linaloniuma. Tingatinga, Lilanga, wachonga mpingo: Kusini ilitoa mikono, lakini chumba chenye meza, rangi na mtu wa kutazama kazi yako kilikuwa daima mahali pengine. Ilibidi mtu asafiri, na zamani safari ya Lindi hadi Dar es Salaam wakati wa masika haikuwa safari, ilikuwa nadhiri.

Nafasi ilikuwapo. Mwaka 1975 serikali, kwa msaada wa Sweden na kwa mfano wa vyuo vya watu wa kawaida vya huko, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo leo vimezidi 50 nchini. Fikra yake ilikuwa nzuri kupita kiasi: mtu mzima asiyekuwa na cheti aingie, akae, ajifunze, arudi kijijini. Na huko Sweden vyuo vya namna hiyo havikuona aibu kuweka muziki na uchoraji kando ya kilimo. Kwetu, mbegu ilipopandwa, zilizoota zaidi ni useremala, uashi, ushonaji, umeme, kilimo na mapishi. Silaumu, nchi ilihitaji milango na madirisha. Nasema tu kwamba mlango una uso pia.

Miaka michache iliyopita niliporudi Rasbura kuhani msiba, nilikaa kwa jirani mmoja seremala, kijana wa miaka thelathini hivi, aliyepitia chuo cha wananchi. Alikuwa akitengeneza mlango wa bwana harusi. Juu ya kizingiti alitaka kuweka maua, na alikuwa ameyachora kwa penseli katika gunia la saruji lililopasuliwa.

"Shikamoo mzee. Nitazamie, limekaa sawa?"

"Marahaba. Ua hili umelitoa wapi?"

"Kwenye mlango wa kale kule mjini. Niliweka karatasi juu yake nikasugua kwa mkaa. Lakini mlango wangu mpana zaidi, likabaki pengo pembeni. Kuongeza nashindwa."

Nilimtazama. Alijua kupima, kuranda, kuunga mbao bila msumari. Kuiga alijua, tena vizuri. Alichokosa ni lile somo la pili, la namna umbo linavyokua kutoka umbo, ambalo fundi wa Kilwa alikuwa nalo mkononi kabla tumbawe halijakauka. Barazani, mama yake alikuwa akisuka ukili, miyaa myekundu na ya zambarau, akihesabu kimoyomoyo.

"Mwulize mama," nikamwambia. "Mkeka ukiwa mpana anafanyaje?"

Mama akacheka, akasema hilo si swali; nakshi inarudi kinyumenyume kutoka katikati. Akainua ukili kumwonyesha: hapa inakwenda, hapa inageuka, hapa inakutana. Kijana akachukua penseli. Alichora jani moja likigeuka, akalifuta kwa kidole, akachora tena. La tatu lilikaa. Kisha akanipa kipande cha gunia kilichobaki na kipande cha penseli, akaniuliza kama nami najua kuchora chochote.

Nikamchorea jahazi. Lilipinda upande wa tezi.