Daktari Aliyeandika Njia ya Handeni

Kitabu cha Francis Brett Young kuhusu vita vya kwanza vya dunia hapa kwetu, mwaka 1916, kinaitwa Marching on Tanga, na safu aliyokuwa nayo haikwenda Tanga. Iliteremka na mto Pangani kutoka Kahe, ikaiacha reli, ikavuka mto na kukata kusini kuelekea Handeni. Mimi ni mzaliwa wa Handeni, nimefundisha jiografia Korogwe mpaka nikastaafu, na jina hilo hunichekesha kila nikilitazama. Tukishamsamehe jina, tunabaki na kitabu kinachoitazama nchi yetu, kuanzia Upare hadi Uzigua, kwa jicho ambalo majenerali walioandika habari za vita hivyo hivyo hawakuwa nalo.

Kwao Uingereza, pale anapokumbukwa, anakumbukwa kwa mengine kabisa. Alizaliwa 1884 Halesowen, katika jimbo la Worcestershire, baba yake akiwa daktari. Naye akasomea udaktari Birmingham, akafanya kazi ya daktari wa meli iliyokwenda Mashariki ya Mbali, kisha akatulia Brixham, bandari ya wavuvi huko Devon. Mwaka 1908 alimwoa Jessica Hankinson, mwimbaji. Riwaya ya kwanza, Undergrowth, aliiandika pamoja na ndugu yake Eric, ikatoka 1913. Vita vilipoanza alikuwa na vitabu vichache vilivyosifiwa na wachache, na wagonjwa wa kumlipia mkate.

Jeshi likamleta kwetu akiwa daktari wa Kikosi cha Pili cha Rhodesia. Jenerali Smuts alikuwa amekabidhiwa uongozi wa jeshi la Waingereza Februari 1916. Machi akapita katika vilima vya Latema na Reata, akaichukua Moshi, kisha Kahe. Masika ikamsimamisha. Mei mvua zilipopungua jeshi likaanza kushuka, safu moja kando ya reli ya Tanga, nyingine kando ya mto. Brett Young alikuwa na watu wa mtoni. Kushoto kwao milima ya Upare, kulia mto, na katikati miba na vumbi. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa na mtindo wao: wanachimba mahandaki, wanapigana kidogo, usiku wanaondoka, na reli wanaing'oa nyuma yao. Ndivyo ilivyokuwa Mikocheni (si ile ya Dar es Salaam, ni ile ya mtoni), ndivyo ilivyokuwa Mkalamo. Tarehe 24 Juni wakapambana vikali kwenye mto Lukigura, kusini ya Handeni. Tanga yenyewe iliingiwa na vikosi vingine mwezi Julai.

Risasi, hata hivyo, haikuwa ndiyo muuaji mkuu. Kikosi hicho cha Rhodesia kilikuwa na watu elfu moja na kidogo. Waliouawa vitani katika muda wote kiliokaa Afrika Mashariki walikuwa 36, lakini matukio ya ugonjwa yaliyoandikwa yalizidi 10,000, maana mtu mmoja aliugua, akapona, akaugua tena. Malaria, kuhara damu, chakula cha nusu posho. Mbung'o walimaliza farasi na nyumbu, magari yakazama katika mchanga, na kila hatua kwenda mbele iliwaacha mbali zaidi na ghala la unga. Mtu wa kuliona hilo vizuri si yule mwenye ramani na darubini. Ni daktari, ambaye kila jioni anahesabu machela. Kwa hiyo kitabu chake hakina ushindi mwingi. Kina uchovu, kiu, mto usiofikika kwa sababu ya miba, na homa, ambayo mwishowe ilimwangusha mwenyewe akarudishwa kwao.

Alikuwa pia mshairi, na mashairi ya wakati ule aliyatoa 1917 kwa jina la Five Degrees South, yaani nyuzi tano kusini. Kwa mwalimu wa jiografia jina hilo ni zawadi. Chukua atlasi uutafute mstari huo: unapita kaskazini kidogo ya Korogwe na kaskazini kidogo ya mji wa Tanga. Safari hii jina limelenga, kuliko lile la kitabu cha vita.

Sasa lawama yangu. Babu yangu mzaa mama alichukuliwa upagazi. Alisimulia habari za unga na masanduku ya risasi, na za wenzake walioketi kando ya njia kupumzika wasinyanyuke tena. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao ni makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Marching on Tanga ni kitabu cha ofisa wa Kiingereza wa 1917: wapagazi wamo kwa sababu bila wao hakuna kilichosogea, lakini maisha yao hayamo. Tusimtwike yeye peke yake. Ile sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, ina bunduki; mzigo haina.

Homa ile ilibadilisha maisha yake. Kazi ya udaktari hakuirudia tena. Alikwenda kuishi kisiwa cha Capri, Italia, akawa mwandishi wa kutwa. Tayari alikuwa ametoa The Crescent Moon, 1918, riwaya ya misheni ya upweke katika koloni la Wajerumani vita vikianza. Halafu zikaja riwaya nene za Worcestershire na Birmingham, ambayo yeye aliiita North Bromwich. Portrait of Clare ilimpa tuzo ya James Tait Black ya 1927. My Brother Jonathan, ya 1928, ilitengenezwa filamu miaka ishirini baadaye. The House Under the Water inahusu bonde la Wales lililozamishwa ili Birmingham ipate maji, na nadhani ndiyo riwaya yake ambayo mtu wa bwawa la Nyumba ya Mungu angeielewa bila kufafanuliwa. Nyingine, niseme kweli, ni ndefu kupita haja; harusi moja inakula sura nzima.

Lakini Afrika hakuitupa. Katika Jim Redlake, 1930, anampeleka kijana wake kwenye vita vile vile vya kwetu, na katika They Seek a Country, 1937, anaandika kuhusu Makaburu walioihama Rasi. Katikati ya vita vya pili akaandika The Island, historia nzima ya Uingereza kwa shairi, iliyotoka 1944. Afya ikazidi kudhoofu, akahamia Afrika Kusini. Alifariki Cape Town Machi 1954, na majivu yake yakapelekwa kanisa kuu la Worcester.

Kwa walimu wenzangu mlio bado darasani, Same, Mkomazi, Korogwe na Handeni, nina ombi. Hakimiliki isiwatishe, kitabu cha 1917 ni cha zamani na kinapatikana bure. Wapeni wanafunzi wa kidato cha tatu sura mbili tu za Marching on Tanga pamoja na ramani ya wilaya, watie alama kila mahali safu ile ilipolala. Kisha muwatume kwa wazee wa mahali hapo waulize ni nani wa ukoo wao aliyechukuliwa upagazi, na jina waliandike pembeni ya alama. Waanze mwaka huu, maana waliosikia kwa masikio yao kutoka kwa babu zao tumebaki wachache.