Sehemu ya Sekunde
Mwaka 1796 Nevil Maskelyne, mkuu wa jumba la kutazamia nyota la Greenwich, Uingereza, alimwachisha kazi msaidizi wake, David Kinnebrook. Nyakati alizoandika za nyota kupita zilichelewa nyuma ya zile za bwana wake kwa 0.8 ya sekunde, ikadhaniwa ni uzembe. Zaidi ya miaka 20 baadaye, Friedrich Bessel wa Königsberg aliwalinganisha wataalamu mashuhuri, akaona hata wao hawapatani. Kumbe kila mtu ana mwendo wake.

Tena mwendo huo hubadilika. Mwaka 1865, huko Utrecht, Uholanzi, F. C. Donders na mwanafunzi wake waligusa kwa umeme mguu mmoja wa mtu, naye akajibu kwa mkono wa upande ule ule. Alipojua mbele mguu upi utaguswa, alijibu upesi. Asipojua, alichelewa kwa kadiri ya 1/15 ya sekunde, maana akili ilikuwa bado ikichagua. Ndiyo sababu mwanzishaji wa mbio huwaonya wakimbiaji kwanza. Lakini onyo likitangulia mno, utayari hufifia.

Basi Kinnebrook hakustahili jina la mzembe. Alihukumiwa kwa jambo ambalo hata hakimu wake hakulijua bado.