Buccaneer Katika Bahari Yetu

Mwaka 1965 watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Liuli na Mbamba Bay hadi mpakani, walikuwa jirani wa vita. Upande wa kusini, katika Msumbiji, wapiganaji wa FRELIMO walikuwa wakipambana na Mreno tangu Septemba 1964. Mreno huyohuyo alitawala bandari ya Beira, mlango wa mafuta ya Rhodesia. Hivyo Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Wazungu wachache, tarehe 11 Novemba 1965, swali la Beira lilikuwa pia swali la majirani wa Ruvuma.

Uingereza ilileta mbele ya pwani ya Tanzania manowari Eagle, ya kubebea ndege, iwe ngao ya anga ya Zambia mpaka ndege za Javelin zifike Ndola. Miongoni mwa ndege zake zilikuwamo Buccaneer S.1, na hizo zina hadithi yake.

Buccaneer ilibuniwa katika miaka ya 1950 na kampuni ya Blackburn kwa kuzihofia manowari za Kisovieti za aina ya Sverdlov. Ilitakiwa iruke chini kabisa, karibu iguse mawimbi, ili rada isiione. Ili iweze pia kutua polepole juu ya sitaha fupi, wahandisi walichota hewa ya moto kutoka katika injini na kuipuliza juu ya mabawa. Ubunifu mzuri, lakini hewa inayochotwa ni nguvu inayopunguzwa, nayo hupunguzwa wakati ule ule ndege inapoihitaji zaidi. Injini zake mbili za Gyron Junior hazikuwa na nguvu ya kugawa. Iliruka mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1958. Katika majaribio ya 1959 na 1961 ndege zilianguka na watu wakafa. Hata hivyo ilipokelewa jeshini Julai 1962.

Joto la tropiki, ambalo huifanya hewa kuwa nyepesi, lilizidi kuidhoofisha. Buccaneer haikuweza kurushwa kwa manati ya sitaha ikiwa imejaa mafuta na silaha pamoja. Ilipaa na mafuta machache, kisha ndege ya Scimitar ikaijaza angani. Askari aliyepelekwa vitani na mlishaji wake! Afrika Kusini, iliyonunua 16, ilizitaka ziongezewe roketi za kusaidia kupaa. Dawa yenyewe ilikuwa injini za Spey za aina ya S.2, iliyoingia kazini 1965.

Lakini si injini iliyoiokoa Salisbury. Serikali ya Harold Wilson ilikuwa imekwisha kusema kwamba haitatumia nguvu. Tanzania haikuridhika na ngao ya Zambia pekee: tarehe 15 Desemba 1965 ilivunja uhusiano na Uingereza.

Machi 1966 Ark Royal ilianza doria ya Beira, kisha Eagle ikaipokea. Tarehe 9 Aprili Umoja wa Mataifa uliiruhusu Uingereza kuzizuia kwa nguvu meli zinazopeleka mafuta huko. Ndege iliyoundwa kuzamisha manowari ikawa inatafuta meli za mafuta. Doria ilidumu hadi Msumbiji ilipopata uhuru 1975. Muda wote huo mafuta yalipitia Lourenço Marques na Afrika Kusini, ambako hakuna aliyeweka doria.