Uta wa Wakamba: Elimu ya Vita Iliyogeuzwa Kosa la Jinai

Malili, mji mdogo wa kaunti ya Makueni ulio kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, uko mahali ambapo nyika tambarare za Kapiti na Konza hukoma na vilima vya Mukaa na Kilungu huanza. Kabla ya karne ya 20 mpaka huo wa maumbile ulikuwa pia mpaka wa namna mbili za kupigana: nyikani walitawala Wamaasai, waliotegemea mkuki na ngao, na vilimani waliishi Wakamba, ambao silaha yao kuu ilikuwa upinde, yaani uta kwa lugha yao, pamoja na mshale wa sumu na upanga wa kutumia adui akishakaribia. Mtu wa mkuki huhitaji uwanja wazi na safu ya wenzake, ilhali mtu wa upinde huhitaji kichaka, subira na jicho lisilokosea, na kwa kuwa sifa hizo hazipatikani kwa siku moja, Wakamba walijenga mafunzo yaliyomchukua mwanamume tangu utoto hadi uzee.

Gerhard Lindblom, msomi wa Sweden aliyechunguza maisha ya Ukambani muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alieleza ngazi za umri ambazo kila mwanamume alizipanda, na ngazi hizo ndizo zilizokuwa madarasa ya elimu hii. Mvulana, aliyeitwa kivisi, alitengenezewa upinde mdogo na mishale ya mti mtupu, akawinda ndege na wanyama wadogo alipokuwa akichunga mbuzi, na hivyo mkono wake ukazoea kazi kabla hajakabidhiwa chuma. Katika nzaiko nene, yaani jando la pili lililofuata lile la kutahiriwa, vijana walikabiliwa na mbusya, kifaru wa kuigiza ambaye ngurumo yake ilitokea mafichoni, ili uonekane ujasiri wa kila mmoja mbele ya kitu asichokijua. Aliyekuwa mwanake, yaani kijana wa rika la wapiganaji, alilinda mifugo na kwenda vitani pamoja na wenzake wa kivalo, eneo la vijiji kadhaa vilivyotoa kikosi kimoja. Alipooa na kuwa nthele, kisha mutumia, yaani mzee, hakuiacha silaha, bali sasa wajibu wake ulikuwa kufundisha. Mwalimu wa uta hakuwa na cheo wala malipo. Alikuwa baba, mjomba, au mwindaji mashuhuri ambaye vijana walimfuata porini, na penye thome, uwanja wa moto mbele ya boma ambapo wanaume waliketi jioni, makosa ya mchana yalizungumzwa na kurekebishwa.

Sehemu ya elimu hii iliyokuwa ngumu kuliko zote ilihusu ivai, sumu ya mishale, na inafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwamba jambo hili lilikuwa taaluma kamili. Vipande vya mti ambao Waswahili huuita msunguti, na wataalamu wa mimea Acokanthera schimperi, vilichemshwa kwa saa nyingi, mbali na nyumba, hadi maji yakawa uji mzito mweusi mfano wa lami. Mpishi alipotaka kujua kama sumu imeiva, alijichanja kidogo, akaacha damu itiririke mkononi, akaigusisha sumu kwenye ncha ya chini ya mkondo ule na kutazama jinsi damu ilivyobadilika rangi kuelekea juu, huku akiwa tayari kuifuta kabla haijafika kwenye jeraha. Sumu iliyofaulu ilipakwa nyuma ya kigumba, yaani chuma cha mshale, kisha ikazungushiwa ngozi nyembamba isikauke na kupoteza nguvu, na ngozi hiyo ilivuliwa tu wakati wa kupiga. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alitenga kutoka katika jamii hiyo ya miti kiini kiitwacho uabaini, ambacho kwa miaka mingi baadaye madaktari wa Ulaya walikitumia, kwa vipimo vidogo sana, kutibu moyo. Wazee wa Ukambani walikuwa wamekwisha kujua kwamba sumu hiyo huua ikiingia katika damu, lakini nyama ya mnyama aliyepigwa huliwa bila madhara mradi sehemu ya jeraha ikatwe.

Ujuzi huo uliwasaidia Wakamba kuongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati wa wafanyabiashara kama Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, ambaye alikuwa mwenyeji wa mmisionari Krapf na ambaye mwenyewe aliuawa karibu na mto Tana mwaka 1851.

Ili kupima kilichopotea, yafaa kuitazama Okinawa, kisiwa ambako karate ilizaliwa. Huko nako mapigano ya mikono mitupu yalikuwa elimu ya nyumbani, iliyofundishwa kwa siri na kurudiwa maisha yote kupitia kata, yaani mifululizo ya miondoko iliyopangwa. Mwaka 1901 Itosu Anko aliiingiza katika shule ya msingi kama mazoezi ya mwili. Mwaka 1922 Funakoshi Gichin aliionyesha Tokyo. Leo hufundishwa hata katika kumbi za Nairobi, na ilishindaniwa katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Karibu katika miaka ileile ambapo Itosu alikuwa akiifungulia karate mlango wa shule, serikali ya kikoloni ya Afrika Mashariki ilikuwa ikitunga kanuni za uwindaji zilizompa Mzungu mwenye bunduki leseni na kumwita Mkamba mwenye upinde jangili. Shule za wamisionari hazikuwa na nafasi ya uta, na nyika za Konza ziligawiwa walowezi.

Serikali hiyohiyo baadaye iliwasifu Wakamba kuwa taifa la askari na kuwaandikisha kwa wingi katika kikosi cha KAR, yaani jeshi la Waafrika chini ya maofisa Waingereza, ambako waliopigana kwa upinde walifundishwa gwaride na bunduki. Hifadhi ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948, misitu ya uwindaji ya Wakamba na ya Waata ilifungwa, na kampeni dhidi ya ujangili ya 1956 na 1957, iliyoongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley, ikawapeleka wapiga upinde wengi gerezani. Mwaka 1977 Kenya huru ilipiga marufuku uwindaji wote. Kuwalinda ndovu kulikuwa jambo la haki, na hakuna sababu ya kulijutia. Lakini sheria haikutofautisha kati ya kuua mnyama na kujua kulenga, na hapo ndipo elimu nzima ilipohukumiwa pamoja na kosa moja.

Mwaka 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili ili kujenga jiji la teknolojia la Konza, ambalo Rais Mwai Kibaki aliweka msingi wake Januari 2013. Mahali panapotengewa vyuo na maabara hapawezi kukosa uwanja mmoja wa shabaha. Ulengaji wa upinde ni mchezo wa Olimpiki usiohitaji sumu wala mnyama, na serikali za kaunti za Makueni, Machakos na Kitui zina mamlaka juu ya utamaduni na michezo katika maeneo yao. Zianze na wazee wanaojua kuchonga uta, ziwarekodi wangali hai, na ziwalipe wawafundishe watoto wa shule.