Majazi katika Katuni za Kiswahili: Kutoka Chakubanga hadi Wahusika wa Sani

Ikisiri
Makala hii inachunguza majina ya wahusika katika katuni za Kiswahili za Tanzania kuanzia mwisho wa miaka ya sitini hadi miaka ya themanini, hususan Chakubanga wa Christian Gregory na wahusika wa jarida la Sani. Hoja kuu ni kwamba wachoraji wa kipindi hicho waliipanua mbinu ya majazi kwa kuunganisha, ndani ya jina moja, maneno yanayopingana. Makala inahitimisha kwa kutetea uhifadhi wa kazi hizo kama data ya historia ya lugha.

1.0 Utangulizi
Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeyazoea majazi, yaani mbinu ya kumpa mhusika jina linalotangaza tabia yake. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anamwita mshtakiwa Karama na waziri anayemshtaki Majivuno. Msomaji huijua hukumu ya kimaadili kabla kesi haijasikilizwa. Mifano ya namna hii hurudiwa katika madarasa yetu mwaka baada ya mwaka. Katuni, ambazo zilisomwa hata na watu wasiowahi kununua riwaya, hazitajwi. Ukimya huo unatokana na dhana kwamba katuni ni kichekesho tu, wala si matini. Makala hii inaipinga dhana hiyo kwa kuanza na kipengele kidogo kabisa cha matini hizo, ambacho ni jina.

2.0 Chakubanga na gazeti la chama
Gazeti la Uhuru, lililoanzishwa 1961, lilikuwa sauti ya TANU. Ndani yake, kuanzia miaka ya mwisho ya sitini, Christian Gregory alimchora Chakubanga, mtu wa mjini na vituko vyake. Mazingira hayo ni muhimu. Azimio la Arusha lilitangazwa 1967, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku minisketi na mavazi mengine yaliyoitwa ya kihuni, ilianza kutekelezwa Januari 1969. Gazeti lililohimiza maisha ya kijijini lilimpa nafasi mhusika ambaye maisha yake yote ni mji.

Kimofolojia, Chakubanga lina umbo la chakula: kihusishi cha kikifuatwa na kitenzi-jina. Hata hivyo, sehemu ya pili haimpi msomaji kitenzi anachokifahamu. Sikio husikia humo kubangaiza, yaani kufanya jambo kwa kubahatisha ili siku ipite. Sidai kwamba Gregory alikusudia nasaba hiyo. Ninachodai ni kwamba jina hili, tofauti na Majivuno, halitoi hukumu. Linamwachia msomaji kazi ya kulijaza maana kutokana na matendo ya mhusika, na ndiyo maana liliweza kutoka gazetini na kuwa jina la utani mitaani.

3.0 Sani na majazi yanayojipinga
Sani ilianzishwa na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na jina lake limetokana na silabi za mwanzo za majina yao. Kwa sadfa njema, sani ni pia mzizi wa usanii. Miongoni mwa wachoraji wake wa mwanzo alikuwa Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana, lakini ambaye wachoraji waliomfuata wanamtaja kama mwalimu wao. Hapa Ruvuma, hasa Mbinga, ukoo wa Ndunguru hauhitaji kutambulishwa.

Majina ya wahusika wa Sani yanaonesha mbinu mbili. Ya kwanza ni kuigeuza nomino ya kawaida kuwa nomino ya pekee. Ndumilakuwili ni neno la zamani lenye kitenzi uma ndani yake: nyoka anayesemwa kuuma kwa ncha zote mbili, na kwa hiyo mnafiki. Haya ni majazi ya jadi, na Shaaban Robert angeyatambua.

Mbinu ya pili ni mpya zaidi. Lodi Lofa linaunganisha mikopo miwili ya Kiingereza: lodi, mtu wa cheo cha juu, na lofa, mtu asiye na kazi wala senti. Neno la kwanza linampandisha mhusika, la pili linamshusha. Dr. Love Pimbi lina muundo huohuo: shahada, mapenzi ya kizungu, kisha pimbi, mnyama mdogo wa mawe ambaye jina lake hutumika kumkejeli mtu mfupi. Katika Komredi Kipepe, anwani ya kisiasa inakutana na neno linaloleta akilini pepe, punje isiyo na kitu ndani. Jigal Beez amekwisha kumjadili Kipepe kwa kumlinganisha na Asterix wa Ufaransa. Ulinganisho huo ni halali, lakini ukiliangalia jina lenyewe utaona kwamba kejeli yake imeota hapahapa nyumbani.

Muundo huu wa cheo kikifuatwa na kikanushi chake haukuzuka bila sababu. Hii ndiyo miaka ya maduka matupu na ya kampeni ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Vyeo vilikuwepo, lakini sukari haikuwepo. Majina ya Sani yaliusema umbali huo kwa maneno mawili, bila kumtaja kiongozi yeyote.

4.0 Msomaji wa mbali na Dar es Salaam
Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka 1981. Sisi tuliosoma Songea katika muongo huo, wengi wetu tukizungumza Kingoni, Kimatengo au Kindendeule nyumbani, tulikutana na Kiswahili cha namna mbili: kile cha darasani, na kile cha maneno yaliyozungushiwa mstari juu ya vichwa vya wahusika wa katuni. Hicho cha pili kilifika kwa basi, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, kikasomwa kwa sauti na kuazimwa mpaka kurasa zikachanika. Kwa mwanaisimu jamii, hii ni njia ya usambazaji wa msamiati wa mjini ambayo haijapimwa.

5.0 Hitimisho
Majazi ya katuni si nakala hafifu ya majazi ya riwaya. Majina ya Shaaban Robert humtangaza mhusika, ilhali yale ya Sani humvika na kumvua nguo papo hapo. Tatizo ni kwamba ushahidi unatoweka. Karatasi ilikuwa duni, matoleo hayakukusudiwa kuwekwa maktabani, na wahusika waliohamia mikono ya wachoraji wengine hufanya ubunifu wa kila mmoja kuwa mgumu kutenganishwa. Idara zetu za Kiswahili zinaweza kuwapa wanafunzi wa uzamili kazi moja iliyo wazi: kukusanya matoleo yaliyobaki majumbani, kuorodhesha kila jina na toleo lilimojitokeza mara ya kwanza, na kuwahoji wachoraji na wasomaji walio hai. Tukichelewa, tutakuwa na majina ambayo kila mtu anayacheka na hakuna anayeweza kueleza yalitoka wapi.